Urekebishaji teule wa rangi

Urekebishaji teule wa rangi ni mbinu ya kuhariri picha za kidijitali na video ambapo rangi moja, au kundi dogo la rangi, hubadilishwa huku rangi nyingine zikiachwa kama zilivyo. Kwa mbinu hii mhariri anaweza kukoleza buluu ya anga, kupunguza wekundu wa udongo au kuongeza mwanga katika uso wa mtu bila kuharibu sehemu nyingine za picha. Mbinu hii ni tofauti na urekebishaji wa jumla, ambao hubadilisha picha nzima kwa pamoja, kwa mfano kuongeza mwangaza au kusahihisha urari wa weupe.

Urekebishaji teule hutumika katika upigaji picha, filamu, televisheni, matangazo ya biashara, uchapaji na utafiti wa kilimo. Ugumu wake mkubwa ni kwamba programu huchagua rangi bila kujua rangi hiyo ni ya kitu gani. Vitu viwili vyenye rangi moja hubadilika pamoja hata kama mhariri alikusudia kimoja tu. Tatizo hilo huonekana wazi katika picha zinazopigwa katika nyanda za juu za kati za Tanzania, kama vile Miyuji katika Jiji la Dodoma, ambako ngozi za watu, udongo na matofali ya kuchoma hukaribiana sana kwa rangi.

## Misingi

Picha ya kidijitali huundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kila pikseli hubeba namba tatu zinazoonyesha kiasi cha nuru nyekundu, kijani na buluu. Katika picha za kawaida kila namba huanzia 0 hadi 255. Pikseli yenye namba 0, 0, 0 ni nyeusi, na yenye 255, 255, 255 ni nyeupe.

Namba hizo zinafaa kwa kioo cha simu au kompyuta, lakini si rahisi kwa mtu anayetaka kuchagua rangi. Kwa sababu hiyo programu huzigeuza kuwa sifa tatu nyingine:

* Aina ya rangi: huonyesha kama rangi ni nyekundu, manjano, kijani na kadhalika. Hupimwa kwa nyuzi kwenye duara: nyekundu iko nyuzi 0, manjano nyuzi 60, kijani nyuzi 120, samawati nyuzi 180, buluu nyuzi 240 na majenta nyuzi 300.
* Ukolevu: huonyesha rangi imekolea kiasi gani. Rangi isiyo na ukolevu wowote ni ya kijivu, nyeupe au nyeusi.
* Mwangaza: huonyesha rangi ni ya kung'aa au ya giza kiasi gani.

Mhariri anapotaka kubadilisha majani ya mti, huiambia programu ichukue pikseli zilizo kati ya nyuzi fulani za duara. Baada ya hapo anaweza kusogeza aina ya rangi, kuongeza au kupunguza ukolevu, au kubadilisha mwangaza wa pikseli hizo peke yake.

### Majina ya rangi na vitufe vya programu

Programu nyingi hugawa duara la rangi katika mafungu sita au manane, kila fungu likiwa na kitufe chake cha kutelezesha. Mafungu hayo hayalingani moja kwa moja na majina ya rangi katika Kiswahili. Kiswahili kina vivumishi asilia vitatu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kitu chenye rangi hiyo: kijani hutokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda la mzambarau, na manjano ni jina la kiungo kiitwacho pia binzari.

Mwanafunzi anayeanza mara nyingi hutafuta kitufe cha kahawia asikione. Sababu ni kwamba kahawia haina mahali pake kwenye duara la rangi. Kahawia ni rangi ya machungwa iliyopunguzwa mwangaza. Ngozi, udongo, mbao, ngozi ya viatu na chai ya maziwa hurekebishwa kwa kitufe cha rangi ya machungwa, wakati mwingine pamoja na kile cha nyekundu au cha manjano.

Vilevile majani mengi yanayoonekana ya kijani kwa macho huwa karibu na manjano kuliko watu wanavyodhani. Anayesogeza kitufe cha kijani peke yake huona majani hayabadiliki sana, hadi agusie na kitufe cha manjano.

## Namna inavyofanyika

Kwa kawaida kazi hufuata hatua hizi:

1. Kurekebisha picha nzima kwanza. Mwangaza na urari wa weupe husahihishwa kabla ya kugusa rangi moja moja. Picha iliyopigwa chini ya taa yenye nuru ya manjano ikiachwa hivyo, kila kitu ndani yake huwa na umanjano na uchaguzi wa rangi huwa mgumu.
2. Kuchagua rangi. Mhariri hubofya kitu kwenye picha au kutaja mipaka ya nyuzi, ukolevu na mwangaza.
3. Kukagua uchaguzi. Programu nyingi zinaweza kuonyesha sehemu iliyochaguliwa kwa rangi nyeupe na sehemu isiyochaguliwa kwa rangi nyeusi. Hapo ndipo makosa huonekana mapema.
4. Kulainisha mipaka. Uchaguzi wenye mipaka mikali huacha mistari na madoa. Mipaka hulainishwa ili badiliko lififie polepole.
5. Kuweka maski. Maski ni umbo linalochorwa juu ya picha ili badiliko liishie ndani yake. Linaweza kuwa duara kuzunguka uso, mstari wa upeo wa macho, au umbo lililochorwa kwa mkono.
6. Kubadilisha na kulinganisha. Picha mpya hulinganishwa na ya awali, na faili la awali hutunzwa bila kuguswa.

Mabadiliko madogo ndiyo hudumu. Kitufe kikisogezwa mbali sana, anga laini huanza kuonyesha michirizi na nyuso hupata mabaka, kwa kuwa picha haina viwango vya kutosha vya rangi kujaza nafasi iliyonyooshwa.

## Mfano: picha za Miyuji

Miyuji ni kata iliyo upande wa kaskazini wa katikati ya Jiji la Dodoma. Eneo la Dodoma ni kame kiasi. Kwa wastani hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mazingira hubadilika sana kati ya misimu hiyo miwili. Wakati wa mvua kuna nyasi mbichi, mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na migunga yenye majani. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka, vumbi hutanda na mandhari nzima huelekea rangi za machungwa na kahawia.

Jedwali hili linaonyesha thamani za mfano za pikseli katika picha ya mtu aliyesimama kando ya njia ya udongo mwekundu wakati wa jua.

| Kitu | Nyekundu, kijani, buluu | Aina ya rangi | Ukolevu | Mwangaza |
|---|---|---|---|---|
| Ngozi iliyokoza | 90, 55, 38 | nyuzi 20 | 58% | 35% |
| Udongo mwekundu juani | 170, 95, 60 | nyuzi 19 | 65% | 67% |
| Udongo huohuo kivulini | 85, 48, 30 | nyuzi 20 | 65% | 33% |
| Nyasi kavu | 200, 170, 110 | nyuzi 40 | 45% | 78% |
| Majani ya mti | 95, 120, 50 | nyuzi 81 | 58% | 47% |
| Anga | 110, 165, 220 | nyuzi 210 | 50% | 86% |

Anga na majani yako mbali na rangi nyingine, kwa hiyo huchaguliwa kwa urahisi. Shati la buluu la mwanafunzi nalo lisingeleta shida, isipokuwa kama anga iko nyuma yake. Shida iko katika mistari mitatu ya kwanza. Ngozi na udongo vinatofautiana kwa nyuzi moja tu au havitofautiani kabisa. Mhariri akitumia kitufe cha rangi ya machungwa kuongeza mwanga katika uso wa mtu, njia nayo hung'aa. Akipunguza ukolevu wa udongo uliozidi wekundu, uso wa mtu hupauka na kuwa wa kijivu, kama mtu mgonjwa au aliyejaa vumbi.

Jedwali linaonyesha pia njia ya kutoka. Ngozi na udongo wa juani vinalingana kwa aina ya rangi, lakini mwangaza wake ni 35% na 67%. Mhariri akiongeza sharti kwamba zichaguliwe pikseli zenye mwangaza chini ya 50%, udongo wa juani hubaki nje ya uchaguzi. Hata hivyo udongo ulio kivulini una mwangaza wa 33%, kwa hiyo bado utachaguliwa pamoja na ngozi. Hapo namba za rangi zimefika mwisho wa uwezo wake, na kinachobaki ni kuchora maski kuzunguka mtu.

Baadhi ya matatizo haya huepukwa wakati wa kupiga picha. Mtu akisimama mbele ya mti, anga au ukuta uliopakwa rangi nyeupe au buluu, uchaguzi huwa mwepesi baadaye. Picha ya asubuhi au ya alasiri husaidia pia, kwa sababu jua la mchana hutupa kivuli kikali machoni na nuru inayoakisiwa na udongo huongeza wekundu chini ya kidevu na mikononi.

## Urekebishaji katika video

Video ni mfululizo wa picha, mara nyingi 24, 25 au 30 kwa sekunde. Uchaguzi wa rangi unaofaa kwa picha ya kwanza unaweza kuharibika sekunde mbili baadaye, mtu anapoingia kivulini au wingu linapofunika jua. Uchaguzi usio imara huonekana kama kumetameta kwenye kingo za vitu. Kwa hiyo programu za video zina kifaa cha ufuatiliaji, ambacho huhamisha maski pamoja na uso au kitu kinachosogea.

Video za simu zina udhaifu mwingine. Ili faili liwe dogo, video nyingi huhifadhi taarifa za mwangaza kwa kila pikseli, lakini taarifa za rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila kundi la pikseli nne. Jicho halitambui upungufu huo kirahisi, ila uchaguzi wa rangi huutambua, na mipaka yake hutoka na meno. Pia video nyingi zina viwango 256 kwa kila rangi ya msingi. Kamera zinazorekodi viwango 1,024 huvumilia marekebisho makubwa zaidi.

Wahariri wa video hutumia chombo kiitwacho vektaskopu, ambacho huonyesha rangi zote za picha kama nukta ndani ya duara. Juu yake kuna mstari wa ngozi. Ngozi za watu wa asili mbalimbali, ziwe nyeupe au nyeusi, huangukia karibu na mstari huohuo, kwa kuwa rangi yake hutokana hasa na melanini na damu. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolevu. Kwa sababu hiyo, uso ulioelekea kijani au majenta hutambulika hata kama kioo cha mhariri hakiaminiki.

## Historia

Msingi wa kugawa picha katika nyekundu, kijani na buluu ulionyeshwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1861. Kabla ya filamu za rangi kuenea, picha nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa mkono, sehemu moja baada ya nyingine. Hiyo ilikuwa namna ya kwanza ya kuchagua rangi ndani ya picha.

Katika miaka ya 1980 vyumba vya kuhamishia filamu kwenda televisheni vilianza kupata mitambo iliyoweza kurekebisha rangi moja bila kugusa nyingine. Kampuni ya da Vinci Systems ya Florida, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa mitambo hiyo. Kwa upande wa picha mnato, programu ya Adobe Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990.

Filamu ya *Pleasantville* ya mwaka 1998 iliweka watu wa rangi ndani ya mandhari nyeusi na nyeupe. Filamu ya *O Brother, Where Art Thou?* ya mwaka 2000, ya ndugu Joel na Ethan Coen, ilipigwa Mississippi wakati wa kiangazi cha huko, mimea ikiwa mibichi. Waongozaji walitaka nchi kame yenye vumbi. Mpigapicha mkuu Roger Deakins alisimamia kazi ya kugeuza kijani hicho kuwa manjano ya nyasi kavu kwa kompyuta, na filamu hiyo hutajwa kama moja ya filamu ndefu za kwanza kurekebishwa rangi kidijitali kutoka mwanzo hadi mwisho.

Katika Afrika Mashariki, Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973 ikiwa na matangazo ya rangi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi mitambo ya kurekebisha rangi ilikuwa ghali na ilihitaji chumba maalumu. Hali ilibadilika kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliponunua da Vinci Systems mwaka 2009, na baadaye kutoa toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve.

## Suala la rangi ya ngozi

Filamu na kamera za karne ya 20 hazikutengenezwa kwa kuzingatia ngozi nyeusi. Maabara za picha zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Katika picha za kundi lenye watu wa ngozi tofauti, nyuso nyeusi mara nyingi zilipoteza maumbo yake, yakabaki macho na meno.

Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha uchunguzi juu ya historia hiyo mwaka 2009. Alieleza kwamba kampuni ya Kodak iliboresha uwezo wa filamu wa kuonyesha rangi za kahawia kwa sehemu kutokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Kadi zenye watu wa asili mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990.

Kamera za simu nazo zilirithi sehemu ya tatizo, kwa sababu hujirekebisha zenyewe kwa kufuata picha walizofundishiwa watengenezaji wake. Mwaka 2021 Google ilitangaza marekebisho yaitwayo Real Tone kwa ajili ya ngozi nyeusi katika simu ya Pixel 6. Pale ambapo simu imeshindwa, urekebishaji teule humwezesha mhariri kurudisha maumbo ya uso kwa kuongeza mwangaza wa rangi ya machungwa kidogo na kuacha aina yake ilivyo.

Kifaa hichohicho hutumika pia kuwabadilisha watu weusi waonekane weupe. Vichujio vingi vya kurembesha nyuso hupandisha mwangaza na kushusha ukolevu wa ngozi bila mtumiaji kuombwa ridhaa. Tofauti kati ya kumwonyesha mtu alivyo na kumgeuza ni ndogo kwenye kitufe, lakini ni kubwa kwa mwenye uso.

## Matumizi mengine

* Biashara: wauzaji wa vitenge, khanga na nguo hurekebisha rangi moja iliyotoka vibaya ili mteja apokee kile alichokiona kwenye picha.
* Kilimo: kwa kuchagua pikseli za kijani, watafiti hukadiria kiasi cha ardhi kilichofunikwa na mimea katika picha ya shamba.
* Bendera na nembo: wahariri husahihisha rangi rasmi, kwa mfano kijani, manjano, nyeusi na buluu za bendera ya Tanzania, zinapobadilishwa na taa za ukumbini.
* Pazia la kijani: watangazaji husimama mbele ya pazia la kijani, kisha kijani hicho huchaguliwa na kuondolewa ili mahali pake iwekwe ramani au picha nyingine. Kijani hupendelewa kwa sababu iko mbali na rangi ya ngozi kwenye duara.

## Maadili

Vyombo vya habari kwa kawaida huruhusu marekebisho yanayorudisha kile kilichoonekana, na hukataza yale yanayobadilisha habari. Mfano unaotajwa sana ni wa Juni 1994, ambapo jarida la *Time* lilichapisha kwenye jalada picha ya polisi ya O. J. Simpson ikiwa imetiwa giza. Jarida la *Newsweek* lilikuwa na picha hiyohiyo bila badiliko hilo, na wasomaji walipoziona mbili pamoja, *Time* lilishutumiwa kwa kumfanya mtuhumiwa aonekane wa kutisha zaidi.

Katika maeneo makame suala hili linahusu pia ardhi. Kama ilivyokuwa kwa Mississippi katika filamu, shamba la Dodoma lililopigwa picha Februari likiwa la kijani linaweza kugeuzwa kuwa kavu kwa kusogeza vitufe viwili, na shamba lililokauka linaweza kugeuzwa kuwa bichi. Katika filamu hilo ni sanaa. Katika taarifa ya njaa, ripoti ya mradi au tangazo la kiwanja, ni udanganyifu. Vivyo hivyo, picha za kitabibu za macho, vidonda au ngozi hazipaswi kubadilishwa rangi, kwa sababu umanjano au weupe uliopauka unaweza kuwa dalili ya ugonjwa.

Kutunza faili la awali, lenye tarehe yake, ndiyo kinga rahisi zaidi, kwani humwezesha yeyote mwenye shaka kulinganisha.

## Programu

Kwenye kompyuta, urekebishaji teule hupatikana katika Adobe Photoshop, Adobe Lightroom na DaVinci Resolve. GIMP na darktable ni programu huria zinazopatikana bila malipo. Kwenye simu, Snapseed ya Google humruhusu mtumiaji kugusa sehemu ya picha na kubadilisha mwangaza au ukolevu wa eneo lenye rangi inayofanana na sehemu hiyo.

Faili ghafi kutoka kwenye kamera hutoa nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha kuliko picha iliyobanwa. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza sehemu ya taarifa zake, kwa hiyo zinazokusudiwa kuhaririwa hutumwa kama hati.